Habari ya Mundu, na ya Kisu Kidogo cha Mpunga
Maneno kwa watu wa vijiji vilivyo karibu na machimbo ya Maniema



Leo sikuja kuwaambia mulime zaidi. Munalima vya kutosha. Nimekuja kusema nanyi juu ya siku chache zinazofuata kulima, na kupanda, na kupalilia, na kufukuza ndege: zile siku ambazo mpunga umeiva na unangoja. Katika siku hizo ndipo chakula kingi kinapotea, na wenyewe hawajui ya kama kinapotea, kwani hakuna mwizi aliyeonekana.

Jana nilipita kwa miguu katika mashamba yaliyo ng'ambo ya mto. Nikaona shamba moja la mpunga mzuri, wa kimo cha kifua. Nusu yake ilikuwa imekatwa. Nusu ya pili ilikuwa imelala chini baada ya mvua, na nilipoinua masuke kwa mkono, punje zilibaki udongoni, na nyingine zilikuwa zimeanza kuota pale pale. Mwenye shamba ni mama mmoja. Alikuwa akivuna pamoja na binti wake mdogo, kila mmoja na kisu chake. Nikasema: Mama, imekuwaje? Akanijibu: "Mikono, baba. Mikono ndiyo iliyopungua."

Mume wake na wana wake wawili wako kwenye mashimo, wanachimba kasiteriti. Sikuwa na neno la kumjibu. Nilikaa nikamsaidia kukata hata jua likashuka, na wakati wote nilikuwa nikihesabu.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Tangu bati lilipoanza kuchimbwa upande wa Kalima na Punia, mashamba yamekuwa yakitoa vijana na kubaki na wamama na wazee. Na hata kabla ya hapo, amri ya mwaka 1917 iliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao yaliyotakwa na serikali ya ukoloni, hata siku 60 kwa mwaka. Katika vita, mwaka 1942, siku zikafanywa 120. Watu wakaja na kamba wakapima mashamba. Walipima urefu na upana. Mikono ya kuvuna hawakuipima. Leo amri zile zimekwisha, na kijana anakwenda shimoni kwa kupenda mwenyewe au kwa kuhitaji feza, lakini shamba linaona jambo lile lile: wakati wa kupanda watu wapo, wakati wa kuvuna watu hawapo.

Basi muangalie chuma hiki nilicho nacho mkononi. Jina lake mundu.

Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hili, kwa maana limo katika Torati na katika Injili ya Marko. Lakini nafikiri wengi wenu hamujaushika wenyewe. Mundu ni kisu kilichopindwa kama mwezi mchanga, na ukali wake uko upande wa ndani wa pindo. Hiyo ndiyo akili yake yote. Panga hupiga bua, na bua hukimbia mbele yake, na punje zinaanguka. Mundu hulikumbatia bua, hulivuta, na bua halina pa kukimbilia.

Ni chombo cha kale sana, kimekitangulia chuma chenyewe. Katika nchi za Palestina na Shamu, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, watu walipanga vipande vidogo vya jiwe kali katika mfupa au katika mti, wakavuna nafaka za mwitu, kabla mtu hajajua kupanda shamba. Tunajua kwa sababu mawe yale yana mng'ao kwenye makali, ule mng'ao ambao mabua huuacha juu ya jiwe yakikatwa mara nyingi mno. Watu wa Misri ya kale walitumia mti uliopinda wenye meno ya jiwe. Na kusini ya Iraki, mahali palipokosa mawe, walifinyanga miundu ya udongo wakaichoma motoni kama vyungu. Mundu wa udongo! Ninyi wamama munaofinyanga vyungu munaweza kucheka, lakini ulikata.

Lakini mukumbuke nchi ambamo chombo hiki kilizaliwa. Ni nchi ya ngano na shayiri, uwanda mtupu, mbegu ya aina moja imemwagwa kutoka mpaka hata mpaka, hakuna kisiki, hakuna mgomba. Shamba letu la msituni si hivyo. Nitarudi kwa neno hilo, kwani watu wengine wanaosifu mundu hulipita mbio.

Mpunga wetu ulikuja kwa njia nyingine. Waungwana wa pwani, watu wa Zanzibar, waliuleta walipokaa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, nao ukashika nchi hii kama mwenyeji. Wamama wakaukata kwa kisu kidogo, suke kwa suke, kama walivyokata ulezi na mtama. Nataka kukisifu kisu hicho kwanza, kwa sababu mimi sikuja kukitukana.

Kisu kidogo kina macho. Mama anaposhika suke anatazama: hili limeiva, nalikata, hili ni bichi bado, naliacha mpaka juma lijalo, hili ni zuri kupita yote, naliweka kando liwe mbegu, hili ni la mpunga mwekundu, nalitupa. Nyasi haingii katika kitunga chake. Muhogo mchanga uliosimama katikati ya mpunga haupati kidonda. Tena masuke yaliyokatwa hivi yana bua fupi, yanafungwa mafungu, yanatundikwa juu ya moshi wa jiko, na mpunga unakaa ndani ya suke mpaka siku ya kutwanga. Ndugu Waislamu wanajua habari ya Yusufu katika Korani, namna alivyowashauri watu wa Misri wayaache mavuno katika masuke yake kwa ajili ya miaka ya njaa. Shauri lile ni la kweli. Punje iliyo ndani ya suke, iliyokauka na kufukizwa moshi, inaharibika polepole kuliko punje iliyomwagwa katika gunia.

Sasa hesabu yangu ya jana. Twaeni masuke yenu mukapukuse, mukapime: kilo moja ya mpunga inatoka katika masuke mia mbili, mia tatu, au zaidi, kwa namna ya mbegu na ya udongo. Tuseme mia tatu. Shamba la hektari moja likitoa kilo 1,000 tu, ni mara 300,000 ya kushika, kutazama na kukata. Mara laki tatu, kwa mikono ya mama mmoja na mtoto!

Na mpunga haungoji. Tangu suke lilipotoa maua, yapata siku 30 zinapita, mpunga unaiva. Punje nne katika kila tano zikiisha kuwa njano, na ile ukiitia jinoni ni ngumu, wakati umefika. Ukikata mapema mno, punje ni chaki, zinavunjika katika kinu. Ukichelewa, mpunga unakauka juu ya bua, unapasuka ndani, unapukutika kwa upepo. Ndege wanaita ndugu zao, panya wanaita wao, mvua inaulaza. Una siku chache tu zilizo nzuri kabisa. Mama yule wa jana alivuna nusu ya shamba kwa siku nzuri. Nusu ya pili aliivunia ndege.

Kwa mundu, mtu anashika mabua ya mashina matatu au manne kwa mara moja, anavuta, ameyapata. Katika mashamba safi ya mpunga, watu waliozoea hukata hektari moja kwa saa 40 mpaka 80. Watu wanne wanaofanya kazi asubuhi na alasiri wanaweza kuimaliza kwa siku mbili au tatu. Bado kubeba, bado kupura, sisemi kazi imekwisha. Lakini mpunga umetoka njiani mwa mvua.

Basi mutaniuliza, mbona unangoja? Tugawie miundu, tukate! Ningojeeni kidogo. Mundu hauna macho.

Unakata kila kilichosimama mbele yake: kibichi na kilichoiva, mpunga mweupe na mpunga mwekundu, na nyasi pamoja na mbegu zake. Kama shamba lako limepandwa mbegu iliyochanganyika, mashina mengine yakiiva leo na mengine baada ya siku kumi, mundu utakupa gunia moja lenye chaki na punje zilizopasuka, na mnunuzi sokoni atalitazama na kutikisa kichwa. Halafu, ukitoa mbegu ya mwaka ujao katika gunia hilo, mchanganyiko utazidi. Mwaka wa tatu hutajua unalima nini.

Mbegu nzuri ya mpunga wa nchi kavu ni kazi ya watu waliokaa miaka wakichagua. Huko Yangambi, karibu na mto mkubwa, katika nyumba za utafiti za INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933, walichagua mbegu kadhaa. Moja, iliyoitwa OS6, ilivuka mipaka ikalimwa mpaka nchi za Afrika ya Magharibi. Walifikaje? Kwa kuchagua suke kwa suke. Yaani walifanya kwa vitabu na mizani kazi ile ile ambayo bibi zenu waliifanya kwa kisu kidogo.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: kisu kitangulie, mundu ufuate. Siku mbili au tatu kabla ya kuvuna, mama anayejua mbegu aingie shambani na kisu chake na kitunga chake. Apite katikati, asikae pembezoni ambapo mbegu za jirani zimejichanganya. Akate masuke mazuri, marefu, yasiyo na ugonjwa, ya namna moja. Ayafunge, ayatundike juu ya moshi kama zamani. Hiyo ndiyo mbegu. Akiona mashina ya mpunga mwekundu, ayang'oe. Baada ya hayo mundu uje uchukue chakula.

Neno la pili ni habari ya muhogo. Hapa kwetu watu wanapanda muhogo ndani ya mpunga, na migomba, na mahindi kando ya visiki, na wanafanya vema, kwa maana mpunga ukitoka muhogo unabaki kufunika udongo. Lakini mtu mwenye mundu na haraka haoni mche wa muhogo uliofichwa na mabua. Nimeona shamba lililovunwa na vijana sita kwa asubuhi moja, wakiimba, na nyuma yao miche ya muhogo imelala kama iliyokatwa na mbuzi mwovu. Walikula mpunga mwaka ule, muhogo walinunua. Basi, mahali penye muhogo mwingi na visiki vingi, tumieni kisu. Mahali palipo wazi, tumieni mundu. Katika shamba moja munaweza kuwa na vyote viwili, hakuna aibu. Na kama unataka shamba la mundu, anza siku ya kupanda: tenga sehemu moja ya mpunga mtupu, mistari iliyonyoka, na muhogo uupande sehemu nyingine, au uuache mpaka mpunga umevunwa.

Neno la tatu ni kukausha. Nalisema kwa nguvu, kwa sababu hapa ndipo wale wanaojaribu mundu kwa mara ya kwanza wanapouchukia. Masuke ya kisu yanakauka juu ya moshi polepole, huhitaji kuyafikiria. Miganda ya mundu ina mabua marefu yenye maji na majani. Ukiirundika ikiwa mibichi ukaiacha usiku mmoja au mbili, tia mkono ndani: utasikia joto kama la mgonjwa wa homa. Punje zinageuka njano, zinanuka. Basi msikate mpunga mwingi kuliko mutakaoweza kupura. Kata umande ukiisha kukauka. Laza miganda juu ya mabua yaliyobaki, masuke yasiguse udongo. Pura siku ile ile au kesho yake, juu ya mkeka, kwa kupiga mganda juu ya gogo au pipa. Kisha anika punje juani, tabaka nyembamba, ukizigeuza mara kwa mara.

Utajuaje ya kama zimekauka za kutosha kuwekwa? Twaa chupa kavu yenye kifuniko. Tia punje mpaka robo ya chupa, na kijiko cha chumvi kavu kabisa. Tikisa kwa dakika chache, uache kidogo, utazame. Kama chumvi inashikamana na chupa, mpunga una maji bado, rudisha juani. Kama chumvi inaanguka chini na chupa ni safi, mpunga uko tayari kwa gunia. Watoto watapenda kufanya jambo hili. Waacheni wafanye, lakini chumvi isirudi jikoni.

Sasa namna ya kukata. Njoo hapa, kijana. Simama mbele ya watu.

Mkono wa kushoto unashika mabua, kidole gumba kikielekea juu. Juu, nimesema! Ukikigeuza chini, gumba ndilo litakalokutana na chuma. Shika mabua juu, mbali na mahali pa kukatia, upana wa viganja viwili, kwa maana kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilicho karibu na mundu, na ndicho watu wengi wanachokikata. Mimi mwenyewe ninayo alama, muione. Zungusha mundu nyuma ya mabua, uvute kwako kuelekea upande wa mguu wa kulia, usivute kuelekea goti. Usiurushe mundu kama panga. Uvute. Weka mganda chini, masuke yote upande mmoja. Mtu na mwenzake waachane hatua tatu. Mtoto asifuate nyuma ya mkataji. Mundu usiotumika uchomwe katika gogo au utundikwe juu ya mti. Usilale katika majani, kwani kesho ni mguu wa mtu.

Aliye na mkono wa kushoto, asilazimishwe kutumia mundu wa mwenzake. Miundu mingi imenolewa upande mmoja tu, na katika mkono wa kushoto inakimbia bua. Mfua chuma amtengenezee wake.

Na mfua chuma tunaye. Nchi hii si nchi ya kungoja chuma kutoka mbali. Kusini yetu, kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbaji wa habari za kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyombo vya chuma na vya shaba vya watu waliokufa karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Kazi ya moto tunayo katika mifupa. Chuma kizuri kwa mundu ni kile cha chini ya kamiyo iliyokufa, vile vyuma vya bapa vinavyolaliana na kubeba mzigo. Ni kigumu, hakichoki upesi. Kichomwe, kipondwe kiwe chembamba, kipindwe kama mwezi.

Kuna miundu ya namna mbili. Mmoja una ukali laini kama kisu. Unanolewa kwa jiwe mara nyingi kwa siku, na mpunga unaukata vizuri ukiwa mkali tu. Wa pili una meno madogo kama ya msumeno. Mimi ninawashauri wa meno kwa mpunga, kwa sababu meno yanashika bua hata kama mkono umechoka, na suke halitikisiki sana. Mfua chuma anayakata meno kwa tindo upande mmoja, wakati chuma ni laini bado, kisha anakichoma tena na kukizamisha. Ukitaka kuunoa, noa upande ule usio na meno tu. Ukiweka jiwe juu ya meno utayala yote kwa mwaka mmoja, halafu utamlaumu mfua chuma. Bei mupatane naye wenyewe. Mimi sitii mkono katika mapatano ya watu.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonikosesha usingizi.

Wakati wa mavuno, katika vijiji hivi, nani anakuja kusaidia kukata? Ninawaona hapa. Mabibi wajane, wamama wasio na shamba kubwa, wasichana wanaotafuta kanga. Wanakuja na kisu, wanakata, na jioni kila mmoja anakwenda na fungu lake katika kitunga. Fungu hilo si zawadi, ni mshahara. Kwa bibi mwingine ndilo chakula cha miezi miwili. Basi mundu ukiingia, kazi ya watu kumi ikafanywa na watu wanne, wale sita watakula nini?

Si jambo la kuwaza tu. Liko kisiwa kimoja, jina lake Java, katika nchi ya Indonesia. Huko nao walikata mpunga kwa kisu kidogo kinachokaa ndani ya kiganja, wanakiita ani-ani. Wazee wao walisema ya kama mama wa mpunga, Dewi Sri, ataogopa akiona chuma kikubwa. Wanawake wengi waliingia katika shamba la tajiri, wakavuna, wakapewa fungu. Halafu zikaja mbegu mpya za mpunga mfupi. Ya kwanza iliyojulikana sana ni IR8, iliyotoka Filipino mwaka 1966. Mpunga mfupi unaiva pamoja, unafaa mundu. Katika miaka ya 1970 wenye mashamba wengi wakaanza kuuza mpunga ungali umesimama. Mfanyabiashara anaununua, anakuja na wanaume wachache wenye miundu, wanakata, wanakwenda. Wanawake waliosimama kando ya shamba na visu vyao hawakuitwa. Mpunga wa Java uliongezeka, lakini fungu la maskini wengi lilipotea.

Watu wa kale waliijua nguvu ya chuma hiki. Torati inamruhusu mpita njia kuchuma masuke ya jirani kwa mkono wake, lakini inamkataza kutia mundu. Mkono unalisha mtu mmoja. Mundu unabeba shamba.

Hapa kwetu hali si sawa na Java, na lazima niseme kweli kwa pande zote mbili. Huko mikono ilikuwa mingi kuliko mpunga. Hapa mpunga mwingi unaoza kwa kukosa mikono. Mama yule wa jana hakuwa na mtu wa kumnyima fungu. Hakuwa na mtu kabisa. Ndiyo sababu ninaleta mundu hapa bila kuogopa sana. Lakini kiko kijiji chenye mikono, na hapo ninaogopa.

Basi fanyeni mapatano sasa, kabla chuma hakijapata moto. Hukumu yangu ni hii. Wazee wataikata au wataikubali. Kwanza, miundu iwe mali ya wamama wanaovuna, si ya kijana anayerudi kutoka shimoni na feza, akanunua miundu minne na kuwaita rafiki zake. Wamama sita au saba waunganike, waende shamba kwa shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila shamba katika siku zake nzuri. Pili, kuchagua mbegu kwa kisu kuwe kazi ya mabibi wazee, na kulipwe fungu kamili, kwa maana macho yao ndiyo yanayolinda mwaka ujao. Bibi asiyeweza tena kuinama siku nzima na mundu anaweza kutembea asubuhi moja na kisu. Tatu, masuke yanayoanguka nyuma ya mundu, nayo huanguka, yaachwe kwa wajane na watoto wasio na baba. Mwenye shamba asipeleke kuku zake kabla hawajapita.

Wewe mzee unatikisa kichwa. Unasema, nikilipa mbegu, nikaacha masuke, faida yangu ni ipi? Nenda ng'ambo ya mto ukatazame nusu ya shamba la mama yule. Pima kilichoota udongoni. Kisha uje tuhesabu pamoja.

Na ninyi vijana wa mashimo, sitawaambia muache kuchimba; hamutanisikia. Lakini munajua bei ya mchele kule juu kwenye mashimo kuliko ninavyojua mimi. Munanunua kwa kikombe mchele uliobebwa kutoka mbali, na mpunga wa mama yenu unaota chini ya mvua. Munaweza kuomba siku nne. Shimo halitaondoka.

Nimeleta miundu mitano. Kesho, umande ukiisha kukauka, tutakutana kwa mama yule, tukate sehemu iliyosimama bado, ile iliyo wazi upande wa njia. Upande wa muhogo tutautumia kisu. Mfua chuma aje atazame meno. Wamama, leteni mikeka ya kupuria na kamba za kufunga miganda. Na mabibi, njooni mapema kuliko sisi, na visu vyenu, mutangulie kuingia.